Damu ya Kawaida

Jumatatu, 3 Machi

Kwa kuwa nimeapa kutomwambia mtu, nitaiambia karatasi. Karatasi haina shoga wa kumpigia simu.

Nina mimba. Haya, nimeandika. Kalamu haikupasuka.

Mwezi wake wa nne ndio kwanza unaanza. Hii ni mimba ya tatu. Mbili za mwanzo hazikuuvuka mwezi huu, na zote mbili nilizitangaza mapema kwa furaha, kisha ikabidi nizunguke kuzitangua, mtu mmoja baada ya mwingine. Kumwambia muuza mboga anayeuliza “mgeni wetu anaendeleaje?” kwamba hakuna mgeni – hilo sitaki tena. Safari hii tunajua wawili, mimi na mwenzangu. Na mkunga wa kliniki ya mbali, niliyemchagua kwa sababu hanijui.

Mwenzangu ni kinyozi. Kinyozi kupewa siri! Analalamika kwamba siku nzima wateja wanamwaga habari zao pale kitini na yeye anameza yake mpaka tumbo limemjaa. Nikamwambia basi tuko wawili wenye tumbo.

Kazini leo alikuja msichana mjamzito kwenye dirisha la maabara, machozi yanamtoka. Karatasi yake ya majibu imejaa mishale, mingine ya juu, mingine ya chini. Jirani yake kamwambia mshale ni ugonjwa. Nikamketisha. Nikamweleza kwamba mashine inamlinganisha na mtu asiye na mimba, haijui kama ndani kuna mwingine. Maji ya damu yanaongezeka upesi kuliko chembe zenyewe, kama chai uliyoiongeza maji – majani ni yale yale, rangi imepungua. Ikipungua sana hapo tunatibu, lakini yake haikuwa hivyo. Akafuta macho. Akaniuliza mimi nina wangapi. Nikamwambia dirisha lina foleni.

Jumanne, 4 Machi

Dari ya maabara imevuja usiku. Tumehamishia mashine zote mbili chumba cha nyuma, ile kubwa ya kemia na ile ndogo ya kuhesabu chembe za damu. Mkuu wa maabara alisimama katikati akielekeza kama anahamisha mayai.

Sasa tatizo. Mashine ikihamishwa lazima ipimwe yenyewe kabla haijapima watu. Kuna dawa maalumu ya kuipimia, imeisha, na ya kuagiza inafika wiki ijayo kama ikifika. Kwa mambo kama haya Mkuu ana utaratibu wake wa miaka mingi – anatumia damu yangu. Ndiyo, yangu. Majibu yangu hayajawahi kuyumba tangu niajiriwe, hata nikiwa na mafua, hata mwaka ule nilipofiwa na baba. Ndiyo maana humu ndani hakuna anayeniita kwa jina. Wananiita Kawaida. “Kawaida, njoo utupe damu.” Wakipata majibu wanayoyajua, mashine ni nzima. Wakiyakosa, mashine ni mgonjwa.

Kesho fundi wa mashine anakuja. Kesho watataka mkono wangu.

(Zile mimba mbili hazikugongana na mambo haya. Zilipita katikati ya ukaguzi na ukaguzi, hakuna mashine iliyozijua.)

Nimemuuliza mwenzangu nifanye nini. Akasema nikatae. Nikikataa wataniuliza kwa nini. Akasema niseme nina mafua. Kinyozi huyu!

Jumatano, 5 Machi

Nimetoa. Nilijidanganya kwamba bado ni mapema, tofauti itakuwa ndogo, watasema ni joto la chumba.

Kidole ndiye aliyenichoma. Ni mwenzetu wa kutoa damu, baba wa watoto wanne, mkono mwepesi kuliko wote. Akanitania kwamba mshipa wangu leo umesimama wenyewe kama unamsalimia askari. Na kweli imenenepa, mishipa. Mwili umejaa maji, hata pete imenibana.

Kisha majibu. Wingi wa damu, ambao kwangu ni kumi na tatu na ushee tangu enzi na enzi, umekuja kumi na moja na ushee. Chembe nyeupe karibu mara mbili. Kipimo cha figo kimeshuka kwa theluthi. Protini imeshuka. Mishale kila mahali.

Mkuu aliikazia macho ile karatasi kwa muda mrefu, akaigeuza kama jibu limeandikwa nyuma. Kisha akasema mashine zote mbili zimeharibika, hakuna jibu la mgonjwa litakalotoka humu. Fundi akavua shati la juu, akaanza kufungua skrubu.

Na mimi? Nilikuwa nimesimama palepale.

Najua maana ya namba zile. Nimemweleza msichana Jumatatu, tena kwa mbwembwe za chai. Lakini mtu akiona mishale kwenye karatasi yake mwenyewe, elimu inatoka mlangoni. Nimeenda msalani kukagua. Hakuna kitu. Nimerudi. Nimeenda tena.

Alhamisi, 6 Machi

Wamenitoa damu tena. Fundi alishinda kutwa nzima akisafisha mabomba, akabadilisha waya, akapima umeme wa ukutani. Majibu yale yale. Anakunywa chai ya chupa aliyokuja nayo na kuizungumzia mashine kama mkwe aliyemshinda. Akauliza, mashine mbili za kampuni mbili tofauti zinawezaje kuugua ugonjwa mmoja siku moja? Pacha hawa?

Kwa neno pacha nikakohoa. Nikasingizia vumbi.

Kidole akajitolea tupime damu yake. Mkuu akamwambia damu yake hatuna kumbukumbu nayo, ikitoka ya juu au ya chini tutasema ni mashine au ni zile nyama anazokula? Anayejulikana ni Kawaida peke yake.

Sampuli za wagonjwa zinapelekwa hospitali nyingine, upande wa pili wa mji. Majibu yanarudi kesho yake jioni. Mzee wa figo, yule anayekuja kila Alhamisi na kofia yake mkononi, ameambiwa asubiri mpaka kesho. Hakugomba. Alivaa kofia, akanitakia kazi njema, akaenda zake polepole akishika ukuta. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kona. Ni mimi niliyemrudisha, si mashine.

Ijumaa, 7 Machi

Dawa ya kupimia mashine haijaja. Fundi amekata tamaa. Mkuu amesema Jumanne zikiwa bado hivi, mashine zote mbili zinafungwa kwenye maboksi na kurudishwa kiwandani. Miezi miwili bila maabara! Alisema akiwa amekaa, na yeye hakai kazini.

Nilifungua kinywa. Nikauliza kama amekula.

Jumamosi, 8 Machi

Nikipiga mswaki ufizi unatoa damu. Ngazi za nyumbani, zile chache, moyo unaenda mbio kama nimefukuzwa. Mkunga aliniambia haya yote ni mwili unajipanga – moyo unasukuma damu nyingi zaidi, figo zinachuja zaidi, hata pumzi inavutwa kwa wawili. Alisema ni kawaida. Nikacheka peke yangu. Alidhani namcheka yeye.

Mwenzangu amefunga kibanda mapema. Akanikuta nimekaa sakafuni jikoni, kwa sababu sakafu ni ya baridi na miguu inawaka. Akakaa na yeye. Nikamwambia kila kitu – mashine, fundi, mzee wa kofia. Nikamwambia nikisema nitakuwa nimetangaza, na nikitangaza –

Akavua viatu kwanza, akaviweka kando. Kisha akasema zile mbili hazikutoka kwa sababu tulisema.

Nikamwambia najua. Kwa kichwa najua. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Akasema na yeye aliumwa na nyoka huyo huyo, ila hakuna anayemuuliza mwanamume anajisikiaje. Sikuwa nimelifikiria hilo, Mungu anisamehe. Tukakaa pale sakafuni mpaka miguu yake ikafa ganzi, ikabidi nimvute mimi kumsimamisha.

Jumapili, 9 Machi

Mama amepiga simu, kama kila Jumapili. Habari za ukoo zote, nani kaoa, nani kagombana na nani. Mara ya mwisho ni yeye aliyewatangazia wote kwa furaha, na ni yeye aliyekwenda kuwaambia wote kwamba basi. Alikaa mwezi mzima bila kwenda kwa jirani.

Katikati ya habari akajikatiza. Akasema sauti yangu inatokea puani. Nikasema mafua. (Asante, kinyozi.) Akasema yeye aliwahi kuzibwa pua hivyo miezi kadhaa, hana mafua wala homa. Mwaka wenyewe hakuutaja. Nikihesabu umri wangu, naujua huo mwaka.

Nikangoja aulize.

“Funika miguu ukilala, mwanangu,” akasema. “Mimi siulizi kitu.”

Akakata simu. Nililia mpaka pua ikaziba kabisa kabisa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesema.

Asubuhi nilipofika mzee wa kofia alikuwa kwenye benchi. Majibu yake ya upande wa pili wa mji yamepotea. Wanataka atoe damu upya. Alikuwa tayari anakunja mkono wa shati, kwa utaratibu tu, kama mtu aliyezoea kusumbuliwa. Mkono mwembamba, una alama za sindano kila mahali. Basi hapo nikapiga moyo konde.

Nikamwomba Mkuu tuzungumze. Hakuna chumba, dari imevuja, kwa hiyo tukaingia stoo, katikati ya maboksi ya glavu. Nikafunga mlango. Nikamwambia mashine hazina kosa lolote. Zinasema kweli tangu Jumatano. Mimi ndiye niliyebadilika.

Akaniangalia usoni, kisha chini, kisha usoni.

Kwanza alikasirika, na alikuwa na haki. Akasema tangu Jumatano watu wanazunguka mji na damu zao, fundi wa watu amelala chini ya meza kama panya, na mimi napita pale na kikombe cha chai namuuliza yeye Mkuu kama amekula. Nilisimama nikapokea yote. Alipomaliza akavuta boksi la glavu, akakaa. Boksi likabonyea.

“Kwa hiyo mashine ni nzima.”

“Nzima, Mkuu.”

“Na wewe?”

“Sijui bado. Zile mbili zilitoka mwezi huu huu.”

Zile mbili anazijua. Ya kwanza alinipa likizo, ya pili alikuja nyumbani akanifulia mashuka bila kuambiwa na mtu. Akasema, “Mficha uchi hazai.” Halafu akasikia alichokisema, na mimi nikakisikia, tukaangua kicheko mle stoo kama watoto wa shule. Nilicheka nikishika tumbo. Sijalishika tumbo hili kwa furaha hata siku moja kabla ya leo.

Kisha akatoa mfukoni ile karatasi yangu ya Jumatano. Ameibeba siku zote hizi, imekunjika mpaka inachanika. Akavaa miwani. Akaisoma mstari kwa mstari, lakini si kama mkuu wa maabara, kama mtu anayesomewa barua kutoka kwa ndugu. Wingi wa damu umeshuka – maji yameongezeka, vizuri. Chembe nyeupe zimepanda, ndivyo zinavyotakiwa. Figo zinachapa kazi ya wawili, ndiyo maana taka imepungua kwenye damu. Protini imezimuka, sawa. Akateremka mpaka chini.

“Yote haya nilidhani ni uharibifu,” akasema. “Kumbe ni mtu anaandaliwa mahali.”

Hapo ndipo nililia. Yeye hakulia, alinipa glavu nijifutie, maana stoo ile haina kitu kingine. Glavu haifuti kitu. Akaniambia pia, kwa sauti yake ya kazini, kwamba karatasi hii si ahadi. Inasema mwili ulivyokuwa Jumatano tu. Nikasema najua. Ni mimi huwa nawaambia watu hivyo.

Tulipotoka akatangaza kwamba mashine zimepona, kazi iendelee. Wa kwanza kupimwa alikuwa mzee wa kofia. Jibu lake nililitoa mimi mwenyewe nikampelekea mpaka kwenye benchi. Halikuwa baya. Akaniuliza mashine ilikuwa na nini. Nikamwambia haikuwa na kitu, mzee wangu, ni sisi hatukuielewa. Na nikamwomba radhi. Akasema yake ni macho, anasubiri tu.

Jumanne, 11 Machi

Fundi alikuja kufungasha vifaa vyake. Mkuu alimwambia tu kwamba sampuli ilikuwa na sababu. Akapanga bisibisi zake moja moja kwenye mfuko. Akafunga chupa ya chai. Akiwa mlangoni akasema, bila kumwangalia mtu yeyote hasa, kwamba hiyo sababu Mungu aipe afya.

Kidole akauliza sababu gani. Baba wa wanne na bado haoni!

Alhamisi, 20 Machi

Wiki hii ndiyo. Zile mbili zilikuwa wiki kama hii.

Sitaki kuandika.

Ijumaa, 21 Machi

Mgongo unauma. Nimekagua. Hakuna kitu.

Mwenzangu amekuja kunichukua kazini kwa mguu, ana nywele za wateja mabegani. Amehamia upande wa barabara ili magari yapite kwake. Amebeba mkoba wangu, mkoba wenyewe mwekundu, una maua. Wateja wake wawili walimwona. Hakuuficha.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeamka. Nimekagua. Hakuna kitu.

Nimekula mara tatu kabla ya saa nne. Mkuu hupita mezani kwangu na kuangalia sahani, si mimi.

Ijumaa, 28 Machi

Wiki ile imepita. Naiandika kwa herufi ndogo isije ikasikia.

Kliniki leo asubuhi. Mkunga aliweka kile kifaa tumboni, akasogeza, akasogeza tena, nikaacha kupumua. Kisha moyo ukasikika. Mbio mbio mbio! Mwenzangu akauliza kwa nini unaenda kasi hivyo, mtoto anakimbia nini? Mkunga akasema ndivyo ulivyo. Kinyozi wangu akatoka nje kununua maji ya kunywa. Alirudi macho mekundu, na maji hakununua.

Nilifika kazini mchana. Tayari wamechagua – damu ya kupimia mashine sasa itakuwa ya Kidole, watamjengea kumbukumbu taratibu. Anatembea kifua mbele. Ameambiwa apunguze nyama. Na sababu ameshaijua. Nilimwambia mwenyewe jana. Akashika kichwa, akasema alinichoma yeye mara mbili, mshipa ukamsalimia, na bado hakuona. Akaahidi kufunga mdomo. Kisha akaniuliza kama naweza kukalia kiti chake, kina mto.

Mimi nikadhani nimestaafu. Jina langu wamelipeleka wapi? Mkuu akaniita chumba cha nyuma. Akasema zile namba za wajawazito tunazofuata humu zimeandikwa na watu wa mbali, kwa wanawake wa mbali, na karatasi zetu bado zinawajaza mishale wasichana bure. Anataka tuanze kukusanya za hapa, kwa atakayekubali. Na anataka kuanza na mtu ambaye namba zake anazijua tangu zamani. Kila mwezi mara moja.

Nikasema ndiyo, bila kufikiri.

Akaweka mbele yangu kibao kidogo chenye matundu, na ndani yake chupa sita za damu, tupu, vifuniko vya zambarau. Akazipanga kwa mstari. Akanipa na kalamu ya wino usiofutika. Akasema niandike mwezi wa mimba kwenye kila chupa, mwenyewe, kwa mkono wangu, kisha nimwite Kidole kwa ile ya kwanza. Akatoka. Alivuta mlango, hakuufunga.

Nimeandika mwezi wa nne. Huo upo, niko ndani yake.

Wa tano. Mwandiko umepinda kidogo, lakini unasomeka.

Wa sita. Wa saba nimeuandika haraka, kama mtu anayevuka barabara. Wa nane nimekaa nao kwanza. Nimefikiria pua ya Mama, miezi kadhaa, na bado hajauliza kitu. Jumapili nitampigia mimi. Kisha nikauandika.

Imebaki moja. Nimeishika mkononi tangu nilipoanza kuandika haya, imeshika joto. Kidole anagonga mlango ambao haujafungwa, anauliza kama niko tayari au nimelala. Nimemwambia angoje kidogo, bado naandika.

Kalamu nimeifungua. Nimeandika “mwezi wa”